Mtoto Askari Anapohamia Ng'ambo na Pikipiki Yake



Juma hili tunazungumza juu ya jambo ambalo zamani halingepata nafasi katika gazeti letu. Familia nyingi za Kongo zimepata makao Marekani. Katika miaka kadhaa ya karibuni, nchi yetu ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi waliopokelewa kule kupita nchi nyingine yoyote. Watoto waliofika wadogo wamekulia Kentucky, Texas, Arizona na Iowa, na baadhi yao wameingia jeshi la Marekani, maana mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu anaruhusiwa kujiandikisha hata mbele ya kupata uraia. Basi wamama na mabibi waliobaki huku wanasikia kwenye simu maneno mapya: amri ya kuhama, Ujerumani, Japani, meli, na pikipiki.

Pikipiki ndiyo inayotunyima usingizi. Sisi tunaijua. Inatupeleka sokoni, inamkimbiza mgonjwa hospitali usiku, inalisha nyumba nyingi za wamotari. Tunajua pia vitanda vya hospitali vilivyojaa vijana wenye miguu iliyovunjika, na mama aliyeketi upande, mtoto mgongoni, kikwembe kikipepea karibu na mnyororo. Kwa hiyo mtoto akisema, «Mama, nahamia Ujerumani na pikipiki yangu naenda nayo», neno la kwanza linalotoka kinywani mwetu ni, «Acha kitu hicho!» Mtoto kwa heshima anajibu, «Ndiyo, mama», kisha anaendelea na mipango yake. Yeye anabaki na pikipiki, mama anabaki na hofu, na hakuna aliyesaidika.

Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili kwa utaratibu: jeshi linasafirisha nini, linadai nini, na mama aliye mbali anaweza kuuliza nini. Mama anayejua la kuuliza husikilizwa kupita mama anayekataza tu.

Kuhama kwa amri

Huku kwetu tumezoea kuona wake wa wanajeshi wakihama na godoro, sufuria na watoto, wakitafuta lori la kuwachukua. Katika jeshi la Marekani askari hupewa amri ya kuhama iliyoandikwa, na mbele ya kupata karatasi hiyo hakuna kinachopakiwa. Karatasi inasema anakwenda wapi, kwa muda gani, na kama mke ao mume na watoto wanaruhusiwa kumfuata kwa gharama ya serikali.

Kwa kawaida askari anayehamishiwa ng'ambo hulipiwa usafiri wa mizigo ya nyumba na wa gari moja. Mizigo ina kipimo cha uzito kufuatana na cheo na familia. Askari wa vyeo vya chini kabisa asiye na mke wala watoto ana haki ya paundi 5,000, karibu kilo 2,270. Mwenye familia ana paundi 8,000, karibu kilo 3,630. Lakini viko vituo vya ng'ambo ambako nyumba zina vyombo tayari, na huko kipimo hupunguzwa.

Pikipiki inaweza kupita kwa njia moja kati ya hizo mbili. Kama askari hana gari, pikipiki husafirishwa mahali pa gari. Kama ana gari na anataka kupeleka vyote viwili, gari huenda kama gari, na pikipiki huhesabiwa pamoja na vitanda na sahani. Pikipiki kubwa inaweza kupita kilo 300. Kwa kijana anayekaa peke yake hilo si neno. Kwa nyumba yenye watoto watatu, kilo 300 ni vitanda vya watoto na mashine ya kufua nguo. Uzito ukipita kipimo, gharama ya ziada inamrudia askari mwenyewe. Kwa hiyo mke wa askari aketi naye mezani na kufanya hesabu mbele ya siku ya wapakiaji, sio siku ile wakiwa wamesimama mlangoni na masanduku.

Sio kila kituo kinapokea pikipiki. Korea ya Kusini, kwa mfano, askari wengi wa vyeo vya chini wanaotumwa bila familia hawaruhusiwi kupeleka gari. Serikali inapokataza hivyo, hulipia utunzaji wa gari ghalani mpaka mwenyewe arudi. Na hata aliye na ruhusa ya kuendesha kule ajue kwamba pikipiki zimekatazwa kupita katika barabara kuu za mwendo wa kasi za nchi hiyo. Kijana akituambia anaenda Korea na ataiacha pikipiki nyuma, tumpongeze, hajapoteza kitu.

Pikipiki ya deni

Jambo la pili linagusa mfuko. Vijana wengi hununua pikipiki kwa mkopo, na mpaka deni liishe benki ina haki juu ya chombo kile. Pikipiki ya deni haivuki bahari bila barua ya benki inayokubali itoke nchini. Kuna benki zinazokataa. Barua hiyo iombwe mapema, mara tu amri ya kuhama inapotoka.

Siku ya kuipeleka, askari aje na amri yake, kitambulisho, karatasi za pikipiki, barua ya benki kama kuna deni, na ufunguo. Pikipiki iwe imeoshwa. Ikipelekwa mahali pa gari, mafuta yaliyo ndani ya tanki yasipite robo. Ikipakiwa pamoja na vitu vya nyumba, mafuta yote hutolewa na waya za batri hufunguliwa. Kisha inakaguliwa, na kila mkwaruzo unaandikwa kwenye fomu. Mwenyewe apige picha za pande zote kwa simu yake. Siku ya kuipokea, atazame tena polepole mbele ya kutia sahihi, maana alama isiyoandikwa siku hiyo ni vigumu kulipwa baadaye.

Hapa sisi wamama tuna sehemu yetu. Kijana yule yule anayelipa deni la pikipiki, asiransi na simu, ndiye tunayemwomba minervali ya wadogo zake na pesa ya dawa za bibi. Wamama wa likelemba wanajua jinsi mtu anavyoona aibu kusema «mwezi huu sina». Askari kijana anayeona aibu mbele ya mama yake anaweza kukata pesa mahali ambapo mama haoni: kwenye asiransi, kwenye magurudumu yaliyolika, kwenye kaske ya bei ndogo. Ni vema tumwambie waziwazi kwamba pesa ya usalama wake isiguswe juu yetu. Wakati wa kuhama, tukubali miezi miwili ao mitatu ya kupokea kidogo.

Na hili pia aliye Ujerumani alijue. Mkataba wa majeshi ya nchi za NATO, uliotiwa sahihi London mwaka 1951, unamruhusu askari kuingiza chombo chake kwa muda bila kulipa ushuru. Ruhusa hiyo ni ya kutumia, sio ya kufanya biashara. Akimwuzia raia wa pale bila kupitia forodha, anajiingiza katika kesi. Ndugu na jamaa wenye mawazo ya «nunua huku, uza kule» wasimsukume.

Meli haileti permi

Pikipiki zinazotumwa Ujerumani kama gari la askari hushuka kwa kawaida kwenye bandari ya Bremerhaven, kaskazini ya nchi, kisha hupelekwa karibu na kituo chake. Safari hiyo huchukua majuma mengi. Wakati huo kijana anapanda basi, anaona milima na misitu na barabara laini, na hamu inapanda. Siku pikipiki inapofika, anataka kuiwasha saa ile ile.

Siku hiyo ndiyo ya kuogopa kupita siku ya meli. Mkono umekaa bila kazi, nchi ni ngeni, na karatasi bado. Jeshi la Marekani lililoko Ujerumani lina permi yake lenyewe kwa watu wake. Askari hufanya mtihani wa alama na sheria za barabara za Ujerumani. Kwa pikipiki anadaiwa zaidi: permi ya pikipiki aliyoipata nyumbani na cheti cha mafunzo ya usalama. Inafuata asiransi inayokubaliwa Ujerumani, kwa sababu asiransi nyingi za Marekani haziendi naye ng'ambo. Kisha pikipiki inakaguliwa: breki, taa, magurudumu, bomba la moshi. Mwisho ndipo inaandikishwa na kupewa plaki. Kimoja kikikosekana, pikipiki inabaki imesimama, hata kama meli imefanya kazi yake vizuri.

Sheria zenyewe zinaweza kumpoteza mtu aliyeendesha miaka mingi Marekani. Kule, kwenye njia panda yenye alama ya kusimama pande zote nne, aliyefika kwanza anapita kwanza. Ujerumani, kwenye njia panda isiyo na alama wala taa, anayetoka upande wa kuume anapita kwanza, hata kama anatoka katika kijia kidogo cha mtaa. Mtu anayeendesha kwa mazoea ya Texas anapita moja kwa moja, na gari linamkuta ubavuni. Kwenye barabara zao kuu ziitwazo Autobahn, kuna sehemu zisizo na kikomo cha mwendo. Kilometa 130 kwa saa ni shauri tu. Gari lililoonekana dogo ndani ya kioo linakuwa nyuma yako kufumba na kufumbua. Anayeendesha abaki upande wa kuume, aende kushoto wakati wa kupita mwingine tu, kisha arudi. Na kupenya katikati ya magari yaliyosimama kwa msongamano, kama wamotari wetu wanavyofanya kila asubuhi, kumekatazwa kule.

Anayehamia Japani ao Uingereza ana kazi nyingine: huko wanaendesha upande wa kushoto. Hata kisiwa cha Okinawa, chenye vituo vingi vya Wamarekani, kiliendesha upande wa kuume mpaka tarehe 30 Julai 1978, ndipo kikahamia kushoto kama Japani yote. Kisiwa kizima kilihitaji matayarisho ya muda mrefu kwa mabadiliko hayo; kijana mmoja naye asione haya kuomba muda. Wakati wa hatari ni pale barabara ni tupu na hakuna gari la kufuata, ao baada ya kupinda kona, ambapo mwili unarudi wenyewe upande uliouzoea.

Darasa, kaske na viatu

Hofu yetu ina msingi. Mwaka 2022, watu 6,218 walikufa kwa ajali za pikipiki barabarani Marekani, nchi yenye barabara nzuri na hospitali zenye kila kitu. Wataalamu wa usalama wa barabara wa nchi hiyo wanakadiria kwamba kaske inapunguza hatari ya kifo cha mwendeshaji kwa asilimia 37. Tuisome hesabu hiyo kwa akili ya mama: kati ya waendeshaji 100 ambao wangekufa bila kaske, 37 wangeokoka kama wangeivaa. Hao 63 wengine kaske peke yake haingewaokoa. Wangehitaji mwendo wa polepole, breki nzuri, macho yasiyo na usingizi, kichwa kisicho na pombe, na mafunzo.

Majimbo ya Marekani hayalingani katika sheria ya kaske. Iowa, ambako Wakongomani wengi wamejenga maisha, haimlazimishi mtu mzima kuivaa. Lakini askari hana ruhusa hiyo. Jeshi linamwamuru kuvaa kaske popote anapoendesha, ndani ya kambi ao nje, siku ya kazi ao ya likizo. Pamoja na kaske: kitu cha kukinga macho, glavu zinazofunika vidole vyote, shati ao koti la mikono mirefu, suruali ndefu, na viatu imara vinavyopita kifundo cha mguu. Nguo za rangi inayoonekana mchana, na zenye kung'aa kwenye mwanga usiku, zinamsaidia dereva wa lori kumwona mapema.

Mafunzo nayo ni lazima. Askari anayetaka kuendesha anaanza na kozi ya msingi: anajifunza kushika breki kwa ghafla bila kuanguka, kupinda, kukwepa kitu kilicho njiani, na kusoma barabara mbele yake. Kozi hiyo hailipi kitu. Baadaye kuna kozi nyingine za kuendeleza ujuzi. Na katika vikosi kuna utaratibu wa waendeshaji wazoefu kuwasindikiza wapya, ili kijana asijifunze kwa kushindana na rafiki zake.

Tuwakumbuke pia wake za askari, maana wengi ni mabinti zetu. Anayepanda nyuma avae kaske yake mwenyewe inayomkaa vizuri, viatu vilivyofungwa, na suruali. Aketi kwa kutanua miguu, akanyage vikanyagio vya abiria. Kikwembe kibaki ndani ya mfuko mpaka wafike kwenye sherehe. Hapa kwetu tumeona kitambaa kikivutwa na gurudumu. Kule mwendo ni mkubwa kupita wa huku.

Namba ya simu ya mama

Kuna jambo moja dogo ambalo wamama wachache wanalijua. Kila askari wa Marekani anajaza fomu ya watu wa kujulishwa kama amepata ajali, ameugua sana ao amekufa. Humo anaandika mke ao mume, watoto, na wazazi wake, pamoja na mahali wanapokaa. Kuhama ni wakati mzuri wa kuitazama fomu hiyo tena.

Sasa, wamama wa Kivu, tusemezane kweli. Namba zetu zinabadilika. Simu inaibiwa, laini inafungwa, vita inatuhamisha kutoka mtaa mmoja mpaka mji mwingine. Fomu iliyojazwa miaka mitano iliyopita inaweza kuwa na namba ambayo leo iko mikononi mwa mtu tusiyemjua. Mtoto akilala hospitali Ujerumani, habari itamfikia nani? Tumpe namba tunayoitumia sasa, na namba ya pili ya mtu anayekaa mahali pamoja: dada, mjomba, ao jirani wa kuaminika. Na jina letu liandikwe kama lilivyo kwenye karatasi zetu. «Mama Furaha» ni jina linalojulikana mtaani, lakini ofisini halitafutwi.

Maswali sita ya kuuliza kwenye simu

Tumekusanya hapa maswali ambayo mama anaweza kumwuliza mtoto anayejitayarisha kuhama. Tuyaulize kwa sauti ya kawaida, moja leo, lingine juma lijalo.

1. Amri yako inaruhusu pikipiki mahali unapoenda? Umeuliza ofisi ya usafiri, ao umesikia kwa rafiki?

2. Pikipiki ina deni? Barua ya benki umeipata mkononi?

3. Itahesabiwa kama gari, ao kama mizigo ya nyumba? Mke wako anajua hesabu hiyo?

4. Kozi ulifanya lini? Umewahi kuendesha kwenye mvua na baridi?

5. Pikipiki ikifika, siku za kwanza utaendesha na nani? Kuna mzoefu wa kukusindikiza?

6. Namba yangu kwenye fomu ni ipi? Isome, nikusikilize.

Akijibu yote sita bila kusitasita, mama anaweza kupumua. Mtoto huyo anaiheshimu pikipiki. Akisema «nitaona nikifika», hapo pana kazi ya kuendelea kuuliza. Tusimtukane, tusimlilie. Tumwombe afanye jambo moja kabla ya simu ijayo, kisha simu ijayo tuulize kama amelifanya.

Vikundi vyenye wamama ambao watoto wao wako katika jeshi la ng'ambo, someni ukurasa huu pamoja mkutanoni. Asiyejua kusoma asomewe. Wenye wakwe na wajukuu kule wapige picha ya maswali haya na kuwatumia. Na kila mama, mbele ya kutoka mkutanoni, aandike kwenye karatasi namba mbili za simu za kumpa mtoto wake, akihakikisha kwa jirani yake kwamba hakukosea tarakimu hata moja.